Siku ya Tatu: Namna ya Kuomba Fedha za Utafiti wa Miundombinu Stahimilivu

Andiko langu la kwanza la kuomba fedha za utafiti lilirudi na maoni ya kurasa mbili na nusu. Katika maoni hayo yote, ni sentensi moja tu iliyonifundisha kazi hii. Nilikuwa mhandisi wa maji mwenye miaka 11 kazini, na nilikuwa nimeomba fedha za kujenga modeli ya kompyuta ya kukadiria jinsi pampu zinavyoharibika mafuriko yanapoingia kwenye nyumba ya mashine. Hesabu zilikuwa safi na michoro ilipendeza. Mhakiki wa pili aliandika: "Pampu hizi zinapata umeme kutoka wapi?"

Sikuwa nimegusia umeme hata kwa neno moja.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwenye kituo cha pampu nilichokuwa nimekitolea mfano na kukaa na mhudumu wake, mzee aliyekuwa akilala palepale zamu za usiku. Alikuwa na daftari la jalada gumu ambamo kila hitilafu iliandikwa kwa tarehe na saa. Nililipitia ukurasa kwa ukurasa, nalo lilibeba miaka 14 ya kazi yake. Katika muda wote huo maji ya mafuriko yaliingia kwenye nyumba ya mashine mara moja tu. Lakini maji ya bomba yalikatika kwa siku kadhaa mara tisa, na karibu kila mara mambo yalifuatana vilevile: nguzo zinaanguka, umeme unakatika, jenereta inawashwa, dizeli ya siku mbili inakwisha, na lori la mafuta limekwama ng'ambo ya mto kwa sababu kalavati limesombwa. Mzee aliniambia, "Mwanangu, maji hayakatiki siku ya mafuriko. Hukatika siku ya tatu."

Nayaandika haya kwa mtafiti, mhandisi wa halmashauri au kiongozi wa kikundi cha jamii anayetaka kuomba fedha za kuchunguza jinsi maji, umeme, barabara na mawasiliano yanavyoweza kustahimili majanga. Tangu siku ile nimeandika maandiko mengi, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, na nimekaa kwenye majopo ya wahakiki nikisoma ya wengine. Andiko zuri la aina hii huanza na swali lililookotwa mahali mifumo miwili inaposhikana, na swali hilo mara nyingi liko mikononi mwa mtu ambaye hajawahi kuona tangazo la ruzuku.

Tafuta mshono

Usianze na tangazo la mfadhili. Anza na huduma moja, mahali pamoja, na mara ya mwisho ilipokatika. Nenda kwa anayeiendesha usiku, si kwa anayeisimamia mchana, umwombe akusimulie tukio hilo tangu mwanzo. Kila anapotua, uliza: "Kisha?" Endelea hadi simulizi itoke nje ya uzio wa taasisi yake. Akisema "hapo tukawa tunasubiri watu wa umeme" au "hapo barabara ilikuwa imekatika," weka kalamu ya rangi pale. Huo ndio mshono. Ndani ya uzio wake kila taasisi ina wataalamu, ramani na takwimu zake, ila kwenye mshono mara nyingi hakuna anayepima chochote.

Wakati mwingine mshono ni karatasi tu. Februari 2021 baridi kali iliipiga Texas. Mitambo mingi ya umeme kule huendeshwa kwa gesi, na visima na mitambo ya kusukuma gesi nayo huhitaji umeme. Waendeshaji wa gridi walipoanza kukata umeme kwa zamu ili gridi nzima isianguke, baadhi ya mitambo ya gesi ilikatiwa pia, kwa sababu haikuwa imeorodheshwa miongoni mwa wateja wasiopaswa kukatiwa. Gesi ikapungua, na umeme ukazidi kupungua. Kulikuwa na sababu nyingine, hasa vifaa kuganda kwa baridi, lakini hilo la orodha halinitoki kichwani. Lilikuwa suala la fomu, na fomu iliyokuwa ikivuka mpaka kati ya taasisi mbili.

Agosti 14, 2003 watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa umeme baada ya nyaya za Ohio kulegea na kugusa miti huku mfumo wa tahadhari wa kompyuta ukiwa umekufa bila waendeshaji kujua. Mji wa Cleveland ulipoteza maji pamoja na umeme, kwa kuwa pampu zake zilitegemea gridi hiyohiyo. Ukitaka msamiati wa kueleza jambo la namna hii, Steven Rinaldi, James Peerenboom na Terrence Kelly waliutoa mwaka 2001. Waligawa utegemeano wa miundombinu katika aina nne: wa vitu, pale mfumo mmoja unapotumia zao la mwingine, wa taarifa, pale unapotegemea data na mawasiliano, wa mahali, pale mifumo inapokaa pamoja na kuumia pamoja, na wa kimantiki, ule unaopitia sheria, fedha au maamuzi ya watu. Wahakiki wanaujua mgawanyo huu. Utumie kuonyesha aina ipi unaichunguza, kisha uendelee. Usiujazie kurasa tatu.

Geuza simulizi kuwa swali lenye kipimo

Hapa ndipo nilipoona maandiko mengi yakifa, yakiwemo yangu. Mtu anaandika kwamba "mradi utaongeza ustahimilivu wa jamii," na mhakiki anajiuliza utaongezwaje, kutoka kiasi gani hadi kiasi gani, na nani atajua.

Ustahimilivu una umbo unaloweza kulichora. Chora mstari wa huduma ukiwa juu kabla ya janga, uporomoshe siku ya janga, kisha uupandishe taratibu hadi huduma irudi. Mwaka 2003 Michel Bruneau na wenzake waliipa picha hii sifa nne ambazo uwanja huu bado unazitumia: uimara, yaani mfumo kutoporomoka sana, uwepo wa njia mbadala, uwezo wa kukusanya watu na vifaa panapohitajika, na kasi ya kurudi. Eneo lililo kati ya mstari ulioporomoka na ule ambao ungekuwepo ndiyo hasara. Kila mradi wa uhandisi unaweza kueleza unapunguza upande gani wa eneo hilo.

Mimi huongeza swali moja ambalo picha hiyo hailionyeshi: nani anarudishiwa huduma mwisho? Mstari wa wastani ukifika asilimia 90 taasisi husherehekea, na ile 10 iliyobaki huwa ni watu walewale kila mara, walio mwisho wa bomba, juu ya kilima, ng'ambo ya daraja. Baada ya kimbunga Maria kuipiga Puerto Rico Septemba 20, 2017, idadi rasmi ya vifo ilikuwa 64 kwa miezi mingi. Agosti 2018 serikali ya kisiwa ikakubali makadirio ya 2,975. Umeme haukuwa umerejea kote hadi karibu mwaka mmoja baada ya dhoruba, na mtu mwenye mashine ya kusafisha damu au dawa inayohitaji jokofu hapimwi na upepo wa siku moja. Anapimwa na urefu wa mstari ule. Kwa hiyo, kila unapoandika kipimo, andika pia unampima nani.

Swali langu la pili, lililozaliwa na daftari la mzee, lilisomeka hivi: "Kituo cha pampu chenye akiba ya dizeli ya saa 48 kinapaswa kuongezewa nini ili kaya zilizo mwisho wa bomba zipate maji katika siku saba za kwanza baada ya mafuriko: akiba kubwa zaidi, paneli za jua, au kalavati imara?" Litazame vizuri. Lina muda, lina watu, lina machaguo matatu yanayoweza kulinganishwa, na jibu lake silijui. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko unavyodhani. Andiko ambalo tayari linajua jibu ni ombi la ununuzi, na mfadhili wa utafiti hulinusa tangu aya ya kwanza. Kama unachotaka ni paneli za jua, kuna wafadhili wa kununua paneli, na hao utawaandikia barua ya namna nyingine.

Jua fedha hizo zinatoka mfuko gani

Wafadhili wa sayansi hulipia maarifa mapya. Taasisi za utekelezaji na benki za maendeleo hulipia uamuzi bora. Mifuko ya dharura hulipia data inayotoweka. Andiko moja haliwezi kwenda kote bila kuandikwa upya, na ninaposema upya ni upya kweli, kuanzia sentensi ya kwanza.

Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, NSF, hupima maandiko kwa vigezo viwili: ubora wa kitaaluma na manufaa mapana kwa jamii. Maelezo ya mradi kwa kawaida hayazidi kurasa 15, na muhtasari ni ukurasa mmoja. Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa 2021 hadi 2027, hutazama ubora, matokeo na utekelezaji. Kwa kawaida kila kigezo hupewa alama hadi 5, na usipofikisha 3 katika kimojawapo umetoka hata kama vingine ni 5 kamili. Hesabu hiyo peke yake ikwambie pa kuweka nguvu. Wahandisi wenzangu huandika kurasa nane za mbinu na nusu ukurasa wa matokeo, kisha hushangaa.

Soma pia historia ya programu, kwa sababu inaonyesha mfadhili anatafuta nini. Katikati ya muongo uliopita NSF iliendesha programu iliyoitwa CRISP, mahsusi kwa miundombinu inayotegemeana, na iliwaunganisha idara za uhandisi, kompyuta na sayansi za jamii kwenye mfuko mmoja. Timu ya wahandisi watupu haikuwa na nafasi hapo. Mwaka 2015 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikipa kituo kilichoongozwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado dola milioni 20 kwa miaka mitano kuchunguza ustahimilivu wa jamii. Kazi yao ilizaa programu ya kompyuta ya wazi iitwayo IN-CORE, ambayo hukadiria jinsi janga linavyopita kutoka jengo hadi gridi hadi kaya. Kama modeli unayotaka kujenga inafanana nayo, mhakiki atakuuliza kwa nini usiitumie hiyo. Jibu swali hilo kabla halijaulizwa.

Kama janga limetokea jana, kuna milango mingine. NSF ina ruzuku za haraka za mwaka mmoja ziitwazo RAPID, na Kituo cha Majanga ya Asili cha Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder kimekuwa kikitoa ruzuku ndogo za kuwawezesha watafiti kwenda uwanjani mapema. Alama za maji ukutani hufutika, vifusi huzolewa, watu husahau saa. Lakini nakusihi uulize kwanza kama kwenda kwako kutamzuia mtu kupata kitanda au gari. Kuna wiki ambazo mtafiti hapaswi kuonekana.

Kwa wanaoandikia benki za maendeleo na serikali, lugha ni ya gharama na faida. Mwaka 2019 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kila dola 1 inayowekwa kwenye miundombinu stahimilivu huleta faida ya dola 4. Takwimu hiyo imenukuliwa hadi imechakaa. Itaje mara moja, kisha onyesha kinachokosekana: ni makadirio ya jumla ya nchi hizo zote, na afisa aliye mezani anahitaji kujua kama inashika kwa kalavati lile. Mfumo wa Sendai uliopitishwa Machi 2015 una malengo saba, na lengo la nne linahusu kupunguza uharibifu wa miundombinu muhimu na kukatika kwa huduma za msingi hadi 2030. Ukilitaja, sema ni kiashiria kipi utafiti wako utakisaidia. Kutaja jina la mfumo bila kiashiria ni kama kutaja jina la mtu mkubwa ambaye hujawahi kukutana naye.

Jamii iwe kwenye bajeti, si kwenye utangulizi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nina hasira ya zamani na jambo hili.

Nimesoma maandiko yasiyohesabika yanayosema "jamii itashirikishwa kikamilifu." Kisha nafungua bajeti: mtafiti mkuu, watafiti wasaidizi, kompyuta, safari, mkutano wa kimataifa. Kwa jamii kuna mstari mmoja wa "warsha," na ndani yake chai na kalamu. Nikiwa mhakiki ninashusha alama papo hapo, na si mimi peke yangu. Kinachoaminika ni fedha zinakwenda wapi.

Kanuni yangu ni kutenga si chini ya sehemu moja ya tano ya gharama za moja kwa moja kwa washirika walio nje ya chuo. Muda wa mhudumu wa pampu hulipwa kwa saa, kama wa mchambuzi wa data. Mkusanyaji wa takwimu anayeishi pale hupewa mkataba, bima na nauli. Kiongozi wa mtaa anayekaa kwenye kamati ya mradi hulipwa posho ya kikao iliyoandikwa wazi, si bahasha. Kama kanuni za mfadhili zinazuia aina fulani ya malipo, mpigie simu mapema afisa wa programu, yaani yule anayeusimamia mfuko huo upande wa mfadhili. Mara nyingi kuna njia halali, ikiwemo kukifanya kikundi kiwe mshirika mwenye mkataba mdogo. Kikundi hicho kitahitaji akaunti, usajili na mtu wa hesabu, na mambo hayo huchukua miezi. Anza miezi sita kabla ya tarehe ya mwisho, na ukiweza anza mwaka.

Barua za ushirikiano nazo zina siri yake. Barua inayosema "tunaunga mkono utafiti huu muhimu" haina uzito. Barua inayosema "tutatoa kumbukumbu za hitilafu za miaka mitano, na mhandisi wetu wa wilaya atahudhuria vikao vinne" ina uzito mkubwa. Mwombe mshirika aandike kwa maneno yake, atakachotoa na atakachopata. Baadhi ya wafadhili wanakataza kabisa barua za sifa na kukubali zile za ahadi tu, kwa hiyo soma tangazo neno kwa neno.

Kuna jambo jingine ambalo bajeti nyingi hulisahau, nalo ni kurudi. Baada ya kimbunga Matthew kuleta mafuriko mjini Lumberton, North Carolina, Oktoba 2016, watafiti wa kituo kile cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado na wa NIST hawakuishia safari moja. Walirudi kwa miaka, kwenye kaya na biashara zilezile, na hilo liliwawezesha kuona nani alirudi nyumbani, nani alikwama, na kwa nini. Utafiti wa ustahimilivu, kwa maana ya jinsi huduma na maisha yanavyorejea, hauwezi kufanywa na mtu aliyekuja mara moja. Weka safari ya mwaka wa pili na wa tatu kwenye bajeti, na ukilazimika kupunguza gharama, punguza vifaa kwanza.

Usidhani pia kwamba jamii inasubiri utafiti wako ndipo ianze. Huko Adjuntas, katika milima ya Puerto Rico, shirika la kijamii liitwalo Casa Pueblo lilikuwa na paneli za jua kwenye jengo lake kabla ya Maria. Gridi ilipoanguka, jengo lile likawa mahali pa watu kuchaji vifaa vyao vya tiba na simu. Mtafiti aliyefika kule baadaye hakuwa na la kuwafundisha juu ya thamani ya chanzo mbadala. Aliweza kuwasaidia kupima, kulinganisha na kupanua. Tofauti hiyo ionekane kwenye sarufi ya andiko lako. Hesabu ni sentensi ngapi ambazo jamii ndiyo inayotenda, na ngapi ambazo inatendewa. Mimi huzihesabu kwa kalamu.

Namba na data

Kuhusu gharama nyingine nitapita haraka. Jua mfadhili analipa kiasi gani cha gharama za uendeshaji za taasisi yako: Horizon Europe hutoa asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja, bila kuhesabu mikataba ya nje, na mabaraza ya utafiti ya Uingereza kwa kawaida hulipa asilimia 80 ya gharama kamili na taasisi inabeba iliyobaki. NSF kwa kawaida hairuhusu kuahidi mchango wako wa hiari, kwa hiyo usijaribu kumvutia kwa kuahidi cha ziada. Kila mstari wa bajeti uwe na kazi inayoonekana kwenye maelezo, na kila kazi iwe na mstari. Nimeona andiko zuri likianguka kwa sababu vihisi 60 vilipangiwa kufungwa na hapakuwa na mtu aliyepangiwa kuvifunga.

Data inataka umakini zaidi. Ramani za vituo vya kupozea umeme, vyanzo vya maji na nyaya za mawasiliano ni nyeti, na wamiliki wake wana haki ya kuogopa. Makubaliano ya kutumia data ya kampuni moja yalinichukua miezi saba, na mradi ulikuwa wa miezi 24. Tangu hapo siwasilishi andiko bila rasimu ya makubaliano iliyokwisha kusomwa na mwanasheria wa upande wa pili. Eleza kwenye mpango wa data nini kitachapishwa wazi, nini kitafichwa mahali pake halisi, nani atashika funguo, na nini kitarudishwa kwa jamii kwa lugha wanayoisoma. Majina na namba za simu za kaya zisiwe kwenye faili moja na majibu yao. Kamati ya maadili itakuuliza hayo, ila ni afadhali ujiulize mwenyewe kwanza.

Sema utafiti utaishia mezani kwa nani

Katika miaka ya 1990 wahandisi wa Christchurch, New Zealand, walikaa pamoja, wa umeme, maji, barabara na simu, wakachunguza tetemeko kubwa lingeufanya nini mji wao. Si kila kitu walichopendekeza kilifanyika. Lakini baadhi ya madaraja na vituo vya umeme viliimarishwa kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, ndani ya bajeti za kawaida za matengenezo. Tetemeko lilipokuja Februari 22, 2011, watu 185 walikufa na udongo ulioyeyuka kama uji ulivunja mabomba mengi, ila sehemu zilizokuwa zimeimarishwa zilisimama vizuri zaidi, na mabomba mapya ya plastiki laini yalihimili kuliko yale ya zamani yaliyokuwa magumu na dhaifu.

Ninapenda mfano huu kwa sababu waliochunguza ndio waliokuwa na ufunguo wa bohari. Andiko lako litaje ofisi, uamuzi na msimu wa bajeti: "Matokeo yatafika kwa mhandisi wa maji kabla hajapanga matengenezo ya mwaka unaofuata." Sentensi moja ya namna hiyo inazidi aya nzima juu ya makala tatu za majarida. Kama hujui uamuzi huo hufanywa mwezi gani, hilo ndilo swali la safari yako inayofuata.

Ukurasa wa kwanza, na siku ya majibu

Nikiwa kwenye jopo husoma maandiko kumi au zaidi kwa wiki chache, nyingi zikiwa usiku baada ya kazi. Wenzangu wengine kwenye jopo wamesoma lako juujuu tu, na mmoja wao ni mtaalamu wa fani isiyo yako. Mhakiki wako mkuu atasimama kukutetea kwa dakika chache. Mpe maneno ya kusema. Ukurasa wa kwanza ueleze kilichotokea, asichojua yeyote, utakachofanya, na nani atabadili nini kwa sababu hiyo. Picha moja ya mnyororo wa hitilafu, yenye mishale inayosomeka hata ikichapwa bila rangi, huokoa kurasa mbili. Mpe rafiki asiye mhandisi aisome, kisha akusimulie bila kuangalia. Anapokosea, rekebisha hapo.

Ukikataliwa, yasome maoni mara moja, uyafunge, uyafungue tena baada ya siku chache. Gawa maoni katika mafungu matatu: waliyoelewa na kuyapinga, ambayo hawakuyaelewa kwa sababu uliandika vibaya, na ambayo yanatoka nje ya mradi. Fungu la pili ndilo kubwa kuliko utakavyotaka kukubali. Mpigie afisa wa programu, umuulize jambo moja tu: andiko hili lirudi hapa, au liende mlango mwingine?

Langu lilirudi kwa mfadhili kwa mara ya tatu. Ukurasa wa kwanza ulianza na siku ya tatu, na mzee wa pampu akawa mshauri wa mradi, jina lake kwenye bajeti, saa nne kwa wiki. Fedha zilipoingia, ununuzi wetu wa kwanza ulikuwa madaftari 19 ya jalada gumu, moja kwa kila kituo cha pampu kilichokuwa kwenye utafiti. Yeye ndiye aliyepiga mistari ya safu kwa rula: tarehe, saa, kilichokatika, kilichosababisha, na safu pana kuliko zote upande wa kulia, aliyoiandika juu "Kisha?"